Laga ya Wiki Tisa

Lifti iligoma Jumamosi saa sita mchana, wakati jengo zima la maduka limefurika watu. Kulikuwa na kina mama na mifuko yao, vijana na maboksi ya viatu, na mzee mmoja aliyekumbatia feni mpya kama mtoto mchanga. Katikati yao alisimama mfamasia. Gauni lake la manjano lilimkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, kalamu ameichomeka kwenye nywele, na miguuni pake kulikuwa na gunia la kilo kumi na mbili.

Mbele ya mlango wa lifti mwanamume alikuwa amelala kifudifudi, nusu ya mwili imo shimoni. Kilichoonekana ni miguu mirefu na ovaroli ya buluu.

“Fundi,” mfamasia aliita, “itachukua muda gani?”

“Dakika kumi!”

“Za saa, au za mafundi?”

Watu wakaangua kicheko. Fundi akajichomoa shimoni, grisi imempanda mpaka kwenye nyusi, ili amwone aliyemchokoza. Alimwona, na kwa muda alisahau kabisa bisibisi aliyoishika ilikuwa ya nini.

“Kwa ajili yako, za saa,” alisema.

Zikawa dakika thelathini na tano. Lakini lifti ilipopona, fundi alilitupia gunia begani bila kuombwa, akampeleka mwenyewe hadi nje, kwenye teksi.

“Hiki ni chakula cha kuku?” aliuliza.

“Ni kimea. Shayiri imeloweshwa, ikachipua, ikakaushwa. Natengeneza bia nyumbani.”

“Wewe?”

“Mimi. Mbona umetoa macho? Ulidhani bia hutagwa na kuku?”

Fundi alicheka mpaka akaegemea teksi. Kisha akaomba namba ya simu, eti apate kujua kama gunia limefika salama. Mfamasia alijua ni kisingizio, na alimpa.

Simu iliita jioni ileile.

“Nani mwenzangu?”

“Dakika Kumi.”

“Ahaa! Unamaanisha Thelathini na Tano. Gunia limefika, linakusalimu.”

“Na mwenye gunia?”

“Mwenye gunia anapika. Usimuunguzie chakula.”

Hakukata simu lakini. Waliongea mpaka chakula kikaungua kweli.

Mfamasia aliishi ghorofa ya tatu pamoja na baba yake, mwalimu mstaafu wa useremala, mtu wa maneno machache na viti vingi. Msimu wa baridi uliopita binti yake alikuwa ametengeneza bia nyeusi, nzito, ya kujivunia. Mzee aliionja, akafikiri, akaomba kijiko. Sasa joto lilikuwa limeingia, kuta zinachoma hata jioni, na mfamasia alikuwa amejiapiza kwamba safari hii atatengeneza bia nyepesi, ya kukata kiu, ambayo mtu atainywa bila kufikiria vijiko. Tatizo ni kwamba nyepesi ziko nyingi, na yeye hakuwa mtu wa kuchagua kwa kubahatisha.

Basi Dakika Kumi akawa msaidizi wa kuonja. Kila Jumapili alasiri alifika amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, chupa moja ya dukani mkononi. Waligawana glasi mbili na nusu, ile nusu ikiwa ya mzee. Walionja bia ya ngano, yenye ukungu na harufu kama ya ndizi mbivu. Walionja ya rangi ya dhahabu, laini, isiyo na makuu. Walionja moja chachu yenye chumvi kidogo, iliyomfanya fundi akunje uso mpaka mfamasia akashika mbavu.

“Cheka tu,” fundi alisema. “Mimi nilidhani nyepesi ndiyo rahisi.”

“Nyepesi ndiyo ngumu, mpenzi. Bia nzito ina ladha nyingi, ukikosea kosa linajificha humo. Nyepesi haina pa kuficha. Ukiharakisha, itasema. Ukiwa mchafu, itasema.”

Alimwita mpenzi kwa mara ya kwanza, tena bila kugeuka, akiwa ameinamia sufuria yake ya majaribio. Fundi alibaki amesimama mlangoni mwa jiko akimtazama. Alimpenda akiwa kazini kuliko wakati mwingine wowote. Mfamasia alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alitumbukiza kipimajoto, akasubiri, akasoma, akapunguza moto kidogo sana, akaandika kwenye daftari. Kila ndoo, kila mpira, kila kifuniko kilioshwa kwa dawa na kuoshwa tena. Dakika Kumi, ambaye uhai wa watu hutegemea alivyokaza nati zake, aliutambua uangalifu wa kweli alipouona, na moyo wake ukajaa heshima. Alijiambia, huyu ndiye. Na papo hapo akakumbuka kwamba kulikuwa na jambo hajalisema.

Jambo lenyewe mfamasia alilisikia kwa mwingine. Siku ya Alhamisi, akiwa anakula mchana nyuma ya duka la dawa, simu iliita. Alikuwa dada yake fundi, mwanamke mchangamfu ambaye tayari walishazoeana.

“Wifi yangu mzuri, hujambo? Hebu niambie, utamwacha kaka yangu aende peke yake kweli?”

“Aende wapi?”

“Si huko wanakompeleka! Jengo la ghorofa arobaini, lifti kumi na mbili, miaka miwili. Bado wiki tano tu... Wifi? Upo?”

“Nipo.”

“Usiniambie hajakwambia.”

“Ameniambia,” mfamasia alidanganya, na chakula kikamshinda.

Angeweza kumuuliza fundi waziwazi. Alikuwa na kinywa, tena hodari. Lakini mtu aliyeumia hutaka kwanza kupima kidonda kina urefu gani, na yeye alikuwa na njia yake ya kupima.

Jumapili ilipofika alipanga glasi nne mezani.

“Leo tunachagua,” alisema. “Chagua wewe. Ya ngano iko tayari baada ya wiki tatu. Ya dhahabu, nne. Ile chachu, tano. Laga ni wiki tisa, kwa sababu inachacha polepole kwenye baridi, halafu inalazwa kwenye friji mpaka iwe safi kama kioo. Mimi nitatengeneza utakayosema, na tutaifungua pamoja.”

Alimkazia macho. Atakayeondoka baada ya wiki tano, akiwa mkweli, angechagua moja kati ya zile tatu. Au angeinamisha kichwa na kusema: kuna jambo.

Fundi hakusita hata kidogo.

“Laga.”

“Wiki tisa?”

“Hata kumi, mpenzi. Nitakuwepo.”

Mfamasia alihisi damu ikimpanda kichwani. Mwongo huyu, tena ananitazama usoni! Asichojua ni kwamba Jumatatu iliyotangulia Dakika Kumi alikuwa amepeleka barua ofisini kwao, akiomba kubadilishana na mwenzake aliyeitamani safari ile. Jibu lilikuwa bado. Hakumwambia mfamasia kwa sababu aliogopa kumwahidi kitu ambacho hakijawa mkononi mwake. Lakini alipoulizwa achague bia, moyo ulimtoka. Neno lile laga, kwake yeye, lilikuwa kiapo kizima.

“Kichwa kinaniuma,” mfamasia alisema. “Nenda nyumbani.”

“Nikuletee—”

“Dawa? Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa. Nenda.”

Fundi aliondoka ameduwaa. Alipiga simu usiku ule, hakujibiwa. Akapiga Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: “Umeamkaje?” Nao haukujibiwa.

Mfamasia naye alijitia kwenye kazi. Jioni ya Jumatano aliweka sufuria kubwa motoni ili atengeneze ile ya ngano, imalizike upesi, amsahau mtu. Alikoroga kwa nguvu mpaka maji ya kimea yakaruka ukutani. Baba yake alisimama mlangoni.

“Mwanangu, unapika bia au unamchapa mtu?”

Alikaa chini kwenye kiti cha baba yake na kulia. Kisha akamweleza yote, na mwisho akamuuliza swali moja ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Mzee alimjibu kwa sentensi moja, akazima jiko.

Ijumaa asubuhi dada mtu alimpigia kaka yake.

“Kaka, nina dhambi. Nilimwambia wifi habari za safari. Nilidhani anajua!”

“Lini?”

“Alhamisi ya wiki iliyopita.”

Alhamisi, halafu Jumapili akachagua laga. Fundi alishika kichwa. Mkononi alikuwa na bahasha aliyopewa ofisini dakika chache kabla, jibu la barua yake. Hakuifungua. Aliteremka ngazi mbilimbili, hakungoja lifti.

Duka la dawa lilikuwa na foleni, na mfamasia, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote, hakuwa mtu wa kumrukisha mtu foleni. Dakika Kumi alisimama nyuma ya mama mmoja mwenye kikohozi. Ilipokaribia zamu, yule mama alimgeukia, akamtazama jinsi alivyokuwa akitweta, akampisha.

“Tangulia, baba. Wewe hali yako mbaya zaidi.”

Mfamasia aliinua macho. Uso haukubadilika.

“Tatizo ni nini?” aliuliza, kwa sauti ya kazi.

“Maumivu.”

“Tangu lini?”

“Tangu Jumapili.”

“Yalianzia wapi?”

“Kwenye kinywa. Sikusema nilichopaswa kusema.” Akaweka bahasha juu ya kaunta. “Waliniambia niende miaka miwili. Niliandika kuomba nibaki, na niliandika kabla hujaniambia nichague. Ndiyo maana nilisema laga. Sikukudanganya. Niliogopa kukuahidi halafu wanikatalie. Jibu lao hili hapa. Sijalifungua. Nataka ulifungue wewe, ujue wakati uleule ninaojua mimi.”

Foleni nzima ilitega sikio. Hata kikohozi kilijizuia. Mfamasia aliichukua bahasha, akaona kwamba kweli haijaguswa, na ile hasira aliyoilea siku tano ikamtoka mwilini. Alikuwa amempima mtu kwa kipimo kisicho na kosa, kisha akakisoma vibaya.

“Nisamehe,” alisema. “Ningekuuliza.”

“Ningekwambia.”

“Kabla sijafungua, nina neno. Wakikubali ubaki, vizuri. Wakikataa, nakwenda na wewe. Wagonjwa wako kila mji.”

“Na baba?”

“Nimeshamuuliza. Amesema atakuja akishajua huko kuna mbao nzuri.”

“Umemuuliza lini?”

“Juzi.”

“Juzi ulikuwa hutaki hata kupokea simu yangu!”

“Nilikuwa na hasira. Sikusema nilikuwa sikupendi.”

Alichana bahasha kwa kalamu aliyoichomoa kwenye nywele, akasoma mistari yote kimya, kisha akasoma mmoja kwa sauti. Ombi halikukubaliwa. Fundi aliinamisha kichwa. Mfamasia aliikunja barua vizuri, akamrudishia.

“Haya, niulize,” alisema.

“Nikuulize nini?”

“Jamani!” mama wa kikohozi alipiga kaunta kwa kiganja. “Muulize binti wa watu, wengine tunaumwa!”

Dakika Kumi alivua kofia yake ya kazi.

“Utakubali nikuoe?”

“Nilikubali juzi,” mfamasia alisema. Akafuta macho kwa mkono wa koti, akamshika fundi kidole kimoja juu ya kaunta asiondoke, na kwa mkono mwingine akampa yule mama dawa yake ya kikohozi.