Patipati Nyekundu za Ngara

Ile nyumba kuukuu ya Ngara ina vyumba saba, jiko moja, bafu moja. Bafu halina komeo, kwa hivyo sheria ni fupi: vua patipati mlangoni, ingia. Ukizikuta pale, kuna mtu, ngoja. Hata mlevi wa chumba cha tano huiheshimu.

Tangu Jumatatu, kila alfajiri, Mukai, mmoja wa wapangaji, alikuta patipati nyekundu zimemtangulia. Aliuliza chumba kwa chumba. Hazikuwa za yeyote. Alisimama na taulo begani mpaka miguu ikauma, akaishia kunawa uso jikoni na kukimbilia kazi yake ya saluni Kileleshwa, amechelewa. Subira huvuta heri, eti. Yeye ilimvutia onyo la mwisho: akichelewa tena, asirudi. Jamani, mtu apoteze kazi kwa sababu ya bafu!

Alhamisi zilikuwepo tena. Akabisha. Ndani mtu akakohoa taratibu, kisha maji yakamwagika mengi, na bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Harufu ya udi ikapenya chini ya mlango.

Mama Kiilu, mpangaji wa miaka thelathini, akamshika mkono. "Mwache amalize," alinong'ona. "Huwa anaenda mwenyewe."

"Ni nani?"

Mama Kiilu akamvuta kando ya mlango.

Hapo Mukai akachoka kabisa. Aliziokota zile patipati, akazirusha nje ya ukuta, akasukuma mlango. Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu. Akajimwagia maji ya mtungi, akafika kazini kabla ya meneja, na kutwa nzima aliimba.

Jioni, jua lingali linawaka uani na watoto wakicheza, alipokaribia chumba chake huku akitafuta ufunguo mkobani, alisikia harufu ya udi, akainua macho, akaona kufuli yake imefungwa vilevile alivyoiacha, na chini yake, zimepangwa vizuri na kuchuruzika maji, patipati nyekundu.

Akabisha mlango wake mwenyewe. Ndani mtu akakohoa.

Majirani walipita na sufuria zao, wakaziona, wakasimama mbali. Hakuna aliyesogea.

"Fungueni na mimi," Mukai aliomba. "Ni kwangu."

"Kuna mtu ndani," Mama Kiilu alisema polepole. "Si ulimtoa bafuni? Ulitaka aende wapi?"

"Sasa nitangoja mpaka lini?"

Mama Kiilu aliingia kwake, akamletea kigoda.