Antena ya Korongoni

"Imekuja?" fundi Lucky alipaza sauti kutoka chini mgombani.

"Imekuja!" akajibiwa.

Epifania alikuwa amesimama mbele ya televisheni, rimoti mkononi, na hakuwa amefungua mdomo. Kioo kilikuwa cheusi, na maandishi ni yale yale yaliyomchosha tangu asubuhi: hakuna mawimbi. Akageuka kumtazama mama mkwe wake. Bibi Theopista alikuwa amelala, kinywa wazi. Kabla Epifania hajajiuliza zaidi, kioo kikawaka na sebule nzima ikajaa rangi.

Lucky aliingia akifuta matope kwenye viatu. "Uliposema imekuja, nikakaza nati pale pale."

"Sikusema kitu, fundi."

"Mama, sauti yako nisiijue? Tumepigiana kelele kutwa nzima." Akacheka, akakusanya spana zake, akateremka kwenda Himo.

Walikuwa wamehangaika sana na antena ile. Bibi Theopista aliteleza kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia migomba, akateguka nyonga, na tangu hapo hakuweza kufika hata mlangoni bila kushikwa. Kanisa la Kilema alilisikia kwa kengele tu. Aliomba kitu kimoja: asikie Misa ya Jumapili, hata kwa televisheni. Onesphory, mwanawe, aliyekuwa akiongoza watalii mlimani, akanunua antena na king'amuzi cha chaneli za bure. Kumbe kihamba chao, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kimezama katikati ya vilima viwili, mawimbi yanapita juu kwa juu. Waliifunga darini, wakaifunga kwenye mparachichi, wakaifunga juu ya zizi la ng'ombe. Picha ilikuja ikaganda, ikakatika vipande, ikapotea. Mahali pekee palipokubali ni ukingoni mwa korongo, mwisho wa kihamba, ambako watu hawakatagi hata majani ya ng'ombe.

Jumapili ya kwanza Bibi Theopista alilia kwa furaha. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini masikio yalikuwa mazima, akaitikia kila sala.

Jumapili iliyofuata Epifania alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha na udongo wa shimoni, na ilitoka nyuma ya televisheni. Alipiga deki, akafungua madirisha, akachoma hata ubani wa kanisani. Ikabaki.

Kisha zikaanza kauli zisizo zake.

"Mwanangu," Bibi Theopista alimwambia jioni moja, "leo umeongea Kichagga kizuri! Hatimaye umejifunza."

Epifania alisimama na bakuli la mtori mkononi. Yeye hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa huko tambarare, kwenye kambi za mashamba ya miwa, wazazi wake wakitokea Sumbawanga. Kichagga chake kilikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Hata salamu aliikosea, na mama mkwe wake alicheka mpaka machozi kila alipojaribu.

"Nimeongea saa ngapi, mama? Ndiyo kwanza narudi kutoka sokoni."

"Ulikuwa hapo, karibu na televisheni. Ukaniambia nikipata nguvu twende kule chini, picha ni safi zaidi."

Epifania aliliweka bakuli mezani. Akaizima televisheni, akachomoa na waya. Alipokuwa akiosha vyombo nje akasikia mtu akihema ndani, kwenye spika za televisheni ile iliyozimwa, pumzi ndefu na nzito, kama za mtu aliyepanda mlima na mzigo.

Akampigia mumewe. Simu ilikwaruza.

"Epi, kuna nini tena?" Onesphory aliuliza. "Si umenipigia sasa hivi ukasema nisiharakishe kushuka, nichukue na safari nyingine?"

"Onesphory," alinong'ona, "yule siye mimi. Shuka."

Kesho yake mchana ukungu ulishuka mzito, ukafunika migomba mpaka mkungu uliokuwa hatua chache hauonekani. Epifania alitoka kidogo tu kumkatia ng'ombe majani. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, blanketi limeburuzwa mpaka mlangoni, na televisheni, ambayo waya wake ulikuwa bado umelala sakafuni, ilikuwa inawaka. Aliona kwenye kioo migomba yao wenyewe na ukungu ule ule, na ndani ya ukungu akamwona mama mkwe wake, akitembea kwa miguu ile iliyokuwa haiwezi, ameshikwa mkono na mwanamke aliyevaa kitenge cha Epifania na kujifunga kilemba cha Epifania, mwanamke ambaye hakugeuka nyuma hata mara moja, na mbele yao ukasimama mlingoti wa antena, na nyuma ya mlingoti hapakuwa na kitu kingine isipokuwa weupe.

Alikimbia. Alikimbia akijikwaa kwenye vigogo vya migomba na kuruka mfongo bila kuuona, majani yaliyoloa yakimpiga usoni, ile harufu ya maziwa ikizidi kuwa nzito kadiri alivyoteremka, na mbele yake akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, isiyo na haraka, ikibembeleza kwa Kichagga kilichonyooka kama cha mtu aliyezaliwa humo humo korongoni kabla ya watu wote.

"Mama!" Epifania alipiga kelele. "Simama!"

"Mama, usimsikilize," sauti ile ikasema kwa Kiswahili. "Huyo ni jini. Njoo kwangu."

Bibi Theopista alikuwa amesimama ukingoni, vidole vya miguu vimeshika ukoka, akigeuza kichwa huku na huku. "Mko wawili," alinong'ona. "Yesu wangu, mko wawili. Nani mwanangu?"

Epifania hakujua amjibu nini ambacho yule mwingine asingekisema. Alichoweza ni kujaribu kumwita kwa Kichagga, lugha ya mama mkwe wake. Yakamtoka maneno yaliyopinda, ameyachanganya, mwisho umekuja mwanzo.

Kikongwe akacheka. Palepale, kwenye ukingo, alicheka kicheko kifupi cha hofu, akaunyofoa mkono wake, akajitupa upande wa yule aliyekosea. Epifania akamdaka, wakaanguka wote wawili topeni. Hawakumwona tena yule mwanamke. Walisikia majani yakivunjika kuelekea chini, kwa muda mrefu mno.

Onesphory alifika jioni ile pamoja na ami yake, mzee Aristides, katekista mstaafu. Mzee alishika rozari mkono mmoja na matawi ya masale, mmea wa baraka wa Wachagga, mkono mwingine. Alinyunyiza maji ya baraka kuzunguka mlingoti, akapanda masale ukingoni, kisha akamwamuru Onesphory ang'oe. Mlingoti ulipotoka, shimo lilipumua.

"Toka kwenye nyumba hii," mzee alisema. "Ulifuata nini?"

"Waliita," likajibu shimo kwa sauti ya Epifania. "Nikaitikia."

"Rudi ulikotoka. Usichukue mtu."

"Sichukui mtu," sauti ikasema. "Nabaki na nilichovaa."

Epifania, aliyesimama nyuma yao, alitaka kupiga ukunga. Alifungua kinywa mpaka taya zikauma, na hakikutoka kitu, ni hewa tupu.

Tangu siku ile nyumba ilitulia. Harufu ilikwisha, nyonga ya Bibi Theopista ikarudi kwenye maumivu yake ya kawaida, na Misa wakaisikiliza kwa redio. Epifania alipelekwa hospitali mjini Moshi. Walimwangalia koo, wakasema ni zima. Akabaki na mnong'ono.

Jioni moja ya mwezi wa saba, wakiwa watatu wamekaa jikoni wanakula, mlango uligongwa.

"Hodi," ikasema sauti nje. "Ni mimi, Epifania. Nifungulieni, nimeloa."

Kijiko cha Onesphory kikasimama hewani. Alimtazama mkewe, aliyekaa kando yake, akitikisa kichwa taratibu, mkono umeziba mdomo.

"Wa kwetu yuko ndani," Bibi Theopista alisema kwa nguvu. "Nenda zako."

Kisha nje, mlangoni, mtu akaanza kulia. Na Epifania, ambaye hakuweza tena kulia kwa sauti, akaketi akisikiliza kilio chake mwenyewe kikiondoka polepole, kikipita mgombani, kikiteremka kuelekea korongoni.