Kioo Kitupu

Hakuna mtu mtaani kwetu anayeyajua mapenzi kunizidi mimi. Nimeolewa mara tatu, na wachumba niliowashauri hawahesabiki. Sawa, ndoa zote tatu zilivunjika, na wengi wa hao niliowashauri siku hizi wakiniona wanavuka barabara. Lakini kujua, nayajua.

Basi Jumatano moja mchana nikampigia simu binti wa kaka yangu, huyu msomi wetu mwenye shahada ya udaktari.

— Unakula nini saa hizi?

— Mkate, shangazi.

— Na nani?

— Na mashine.

Hakuwa anatania. Kazi yake ni kupaka. Usifikirie rangi za ukutani! Anapaka metali juu ya kioo, utando mwembamba kiasi kwamba ukiulaza karibu na unywele, unywele unaonekana gogo. Anakifungia kioo ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, ananyonya hewa yote, anachemsha metali mpaka inakuwa mvuke, na ule mvuke unakwenda kutua juu ya kioo taratibu. Miwani yako isiyomeremeta, kioo cha simu uliyoshika hapo, vyote vimepitia kwa watu wa kazi yake.

Humo chumbani anamofanyia kazi vumbi ni adui, hata mkate anaulia kizingitini huku akiitazama mashine. Poda marufuku, manukato marufuku. Anavaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na glavu. Yanayobaki nje ni macho tu.

— Mwanangu, nani atakuona umejifunika hivyo?

— Hakuna wa kuniona humu, shangazi. Ndiyo raha yake.

— Raha gani, na sauti imekukauka?

— Imekauka kwa sababu tangu niamke sijaongea na mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Wa kwanza, na jua liko utosini!

Nyumbani kwake nimefika. Viti viwili, kimoja kimekaliwa na nguo za kupiga pasi. Akinunua nyanya mbili, moja inaozea kwenye bakuli. Televisheni anaiwasha ili nyumba iwe na sauti, wala haitazami.

Lakini mtu alikuwapo. Mwanaume wa chumba cha pili pale kazini, ambaye kazi yake ni kupima unene wa zile tando. Tumwite Mpimaji. Katikati ya vyumba vyao kuna kidirisha ukutani. Msomi wangu akishapaka, anaweka kioo kwenye kijiboksi, anakipitisha kidirishani, Mpimaji anapima na kumtumia majibu kwa simu. Miaka yote mazungumzo yao yalikuwa namba, na kijineno kimoja cha utani pembeni.

Mwaka jana Mpimaji alimsimamisha koridoni.

— Daktari, nataka kukuoa.

— Ngoja kwanza nimalize utando huu.

Jamani! Mtu anaombwa ndoa, anajibu kama kaambiwa kuna mgeni getini.

Utando ukaisha. Akapandishwa cheo, akapewa ofisi yenye jina lake mlangoni. Mpimaji hakuuliza tena, na yeye akaona haya kumkumbusha.

Sasa ile Jumatano, nimekata simu tu, ujumbe ukaingia kwake:

"Daktari, nimepata kazi mji mwingine. Naondoka Jumamosi asubuhi. Kama una sampuli, lete Ijumaa nikupimie ya mwisho."

Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe akatuma: "Hongera sana."

Kisha akanipigia, kwikwi zimembana.

— Anaondoka, shangazi.

— Mwambie asiondoke.

— Kwa sababu gani?

— Hiyo hiyo inayokuliza.

— Nilimwambia angoje, akangoja. Leo nikamwambie nini? Kwamba nilikuwa na shughuli?

— Mwambie hivyo hivyo.

— Siwezi. Sijui hata naanzia wapi.

Akakata simu.

Ijumaa hakuwa na sampuli. Zote zilikwisha kupimwa. Akachukua kioo kipya, akakiosha, akakikausha, akakitia kwenye kijiboksi hivyo hivyo kilivyo, bila kukipaka chochote. Akakipitisha kidirishani, akakaa kusubiri simu ilie.

Simu haikulia. Mpimaji alikuja mwenyewe, naye kajifunika macho tu, kijiboksi mkononi.

— Daktari, unene ni sifuri.

— Haiwezekani.

— Nimepima katikati, nimepima pembeni. Ni kioo kitupu.

— Utando huo ni mwembamba sana. Labda mashine yako haiuoni.

— Mashine yangu inaona safu moja ya atomi.

— Basi huu uko chini ya hapo.

— Chini ya atomi moja? Hapo itabidi tuitishe waandishi wa habari.

Mpimaji akatupa jicho nyuma ya Daktari. Ule mtungi wa kupakia ulikuwa wazi, mlango umeng'olewa, matumbo yake yametandazwa mezani yakingoja kusafishwa.

— Na huu uliupaka kwa kutumia nini, brashi?

Machozi yakamtoka msomi wangu. Na ukiwa ndani ya mavazi yale huwezi hata kujifuta, yanashuka tu mpaka barakoa inalowa.

— Sikuwa na sampuli, akasema. Nilitaka tu ukifungue kidirisha mara moja zaidi.

Mpimaji akakiweka kijiboksi mezani. Kisha akasema polepole:

— Mwaka mzima nimekaa upande wa pili wa ukuta huu, nangoja uniambie umemaliza.

— Nimemaliza.

Haya nimeyapata baadaye, kwa kumbana kweli kweli. Jumamosi mchana mimi sikuwa najua lolote. Moyo unaniuma, nikampigia.

— Ulimwambia?

— Sikumwambia kitu, shangazi. Kapima kioo, kaaga, kaondoka zake.

— Pole, mwanangu. Sasa hivi unafanya nini?

— Nipo tu jikoni. Peke yangu.

Mara nikasikia sauti nzito kwa nyuma:

— Daktari, chumvi iko wapi?

— Nani huyo? nikauliza.

— Nani? Aah... redio.

— Redio.

— Ndiyo, shangazi. Kipindi cha mapishi.

— Haya. Iambie hiyo redio inisalimie.

Kikasikika kifuniko cha sufuria kikidondoka, halafu mtu akakohoa.

— Shikamoo, shangazi.