Kiuno Sitini na Mbili

— Baba Khaled, kiuno sitini na mbili ni ya nani?

Adija alibwaga daftari juu ya cherehani. Mumewe Sulemani, fundi aliyeuvalisha nusu ya mtaa wa Bwiza miaka thelathini na mitano bila kuandika kipimo hata kimoja, leo ana daftari! Kila ukurasa mwanamke yuleyule: kifua themanini na nne, kiuno sitini na mbili. Na simu yake ilikuwa na ujumbe: "Alhamisi saa nne usikose. Ulishamwambia muke yako? Annick."

— Mi kiuno yangu haijaona sitini na mbili tangu Khaled azaliwe! Sema ukweli, ama naenda kwa dada yangu leo hii.

Sulemani alitoa bahasha kubwa chini ya vitambaa.

— Annick ni dokta. Nilikata koti ya muteja wangu Callixte, mukono ikapungua sentimita kumi. Mi, Sulemani! Nikaogopa.

Ndani mlikuwa na picha, mistari ya rangi imepishana huku na huku.

— Hii ni kichwa yako?

— Ni ubongo yangu. Dokta anasema sehemu zake zinaongea, kama mutandao. Hizi za kukumbuka zimeanza kuongea kidogo na wenzao. Ni mwanzo tu. Lakini ona huku: hizi zinaongea kushinda zamani. Inaonekana zinajikaza kusaidia.

Adija alishika mdomo. Yote hayo yalikuwa chini ya kofia anayoifua kila Ijumaa, na yeye hajui!

— Subhanallah! Zinasaidiana zenyewe, bila kutumwa?

— Bila kutumwa.

Hasira ilimwishia palepale. Lakini daftari bado lilikuwa wazi.

— Na huyu mwanamuke?

— Kila asubuhi namuandika bila kuangalia. Siku nitamukosea, nitajua imekuwa mubaya.

— Ni nani, Sulemani?

— Ni we. Gauni yako ya nikaha. Nilikupima mara moja tu, haijanitoka.

Adija alilia, akacheka, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akamtia futi mkononi, akainua mikono.

— Yule musichana alishaenda. Pima huyu. Mi ndiye nitaandika.

Sulemani alimzungushia futi kiunoni, akafumba macho.

— Tisini na nane.

Adija aliinama kutazama. Tisini na nane kamili. Akaandika, na chini yake akaongeza: "Alhamisi, tunaenda wawili."