Karatasi ya Sementi Kwanza

Kila Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa akina Houda, mtaani Bwiza, Bibi Sikuzani alimimina chai vikombe viwili: kimoja chake, kingine cha marehemu mumewe. Kisha kompyuta ya marehemu iliwashwa. Babu Massoudi, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa amerekodi humo sauti yake akisimulia Bwiza ya zamani, harusi zake na ngoma zake. Sauti ile haikuwapo kwingine popote.

Alhamisi moja Madamu Adélaïde, mwalimu wa kompyuta, aliwataka wanafunzi wake, Houda akiwa mmoja wao, wachague somo la likizo. Kundi moja lingejifunza kuunda kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoamrisha mashine yote. Kundi la pili lingejifunza kujenga kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta halisi.

"Mi nachukua kiini," alisema Houda. "Hiyo ingine ni michezo ya watoto."

Bonfils, jirani yake wa dawati, akacheka. "We? Hata simu yako inakushinda!"

Maneno yalimchoma. Jioni ile ile, akifuata maelezo ya mtandaoni, alikibadilisha kiini cha kompyuta ya Babu, akaizima, akaiwasha. Kioo kikabaki cheusi tii.

Kesho yake Bibi alikaa na birika lake. "Mutoto wangu, mbona haiwaki? Umeme umeiunguza?"

Uongo huo hapo, umeshapikwa na kupakuliwa. Nani angeshangaa, na umeme wenyewe tunaujua? Lakini Houda alikitazama kile kikombe cha pili, kikitoa mvuke bila mnywaji.

"Apana, Bibi. Ni mimi. Niligusa kiini chake."

Bibi aliliweka birika chini. "Basi kimbia, umuite mwalimu wako."

Madamu alikuja, akasimuliwa yote, akaiwasha huku amebonyeza kitufe kimoja. "Kiini cha zamani hakijafutwa. Kimekaa pembeni tu." Akakichagua. Punde sauti nzito ikajaa chumba: "Bwiza ya wakati ule, jamani..." Bibi akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ungesingizia umeme," Madamu alimwambia Houda, "fundi angebadilisha vyuma vya ndani, na sauti hii ingeenda navyo."

Bibi akajifuta macho. "Babu yako akiletewa kitenge ya mutu, hakushika mukasi mbio. Alikata kwanza karatasi ya mufuko wa sementi. Ikiharibika, anatupa. Kitenge inabaki nzima."

"Kompyuta ya bandia ndiyo karatasi hiyo," alisema Madamu. "Humo utavunja kiini mara mia bila kuumiza kitu. Anza nayo. Kiini kitakungoja."

"Nitaanza na karatasi, Madamu," alijibu Houda.

Bibi akakisogeza kile kikombe cha pili mbele ya Houda. "Kunywa, mwanangu. Fundi anaharibu, anasema nimeharibu, ndiyo anajifunza. Babu yako naye alianza hivyo."