Jumapili za Radim

— Radim, uyoga huu umeoshwa.

— Nimeupitisha mtoni, mpenzi.

— Mtoni wanabandika na bei? Kibandiko hiki hapa!

Radim alikitazama kikapu kana kwamba ndicho kilichomsaliti. Kila Jumapili asubuhi alimuaga mchumba wake Zdena kwamba anakwenda msituni kutafuta uyoga, na hapa kwetu Brno, nchini Cheki, hakuna amshukuye mtu mwenye kikapu. Harusi yao ilikuwa mlangoni.

Mara simu ya Radim ikalia mezani. Zdena akaiwahi.

"Jumapili usikose. Bila wewe hatuwezi. Wako, Drahomira."

— Drahomira ni nani?

— Ni... rafiki.

— Wa uyoga?

Radim, mwalimu wa falsafa aliyeandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba mbingu ni tupu, akaanza kuuhesabu uyoga.

— Harusi hakuna, Zdena akasema, mpaka nimwone huyo Drahomira wako.

Jumapili iliyofuata akamnyatia, kofia imemfunika macho. Radim akaupa msitu kisogo, akakata kichochoro nyuma ya soko, akazama kwenye mlango mdogo. Zdena akausukuma kwa bega.

Kanisa! Wazee wachache, baridi ya kutoa machozi, na Radim wake amepiga magoti. Kwenye kinanda, bibi mmoja rika la kanisa lenyewe.

— Drahomira ndiye wewe? Zdena akapayuka.

— Ndiye mimi, binti. Funga mlango. Na kama umekuja kumchukua huyu, ngoja tumalize kuimba. Hatuna mwingine wa sauti ya besi.

Zdena akaangua kicheko hadi njiwa wa mnarani wakahamia Austria, na mpaka leo hawajarudi.

Walipotoka nje, Radim alikuwa mwekundu kama bitiruti.

— Kumbe ni Mungu tu! Na mimi wiki nzima namtungia huyo mwanamke matusi!

— Ningekwambiaje? Baba yako anavyowakejeli watu wa kanisa! Enzi za ukomunisti bibi zetu walijificha askari wasiwaone wakiingia mle. Mimi najificha wasomi wenzangu.

— Kwa hiyo unaamini?

— Sijui, Zdena. Wiki nzima nauliza maswali na kuyajibu. Mle nakaa na moja lililonishinda, na halinifukuzi.

Kicheko cha Zdena kikakatika. Yeye ni mfasiri wa riwaya.

— Kuna ukurasa umenikwama, akasema polepole. Mama anamwombea mwanawe marehemu. Maneno yote nimeyapata, lakini hayapumui. Nikaona haya kuuliza: mtu akiomba, anamsemesha nani?

— Ungeniuliza mimi.

— Nimuulize mtu wa uyoga?

Wakacheka mpaka wakashikana.

— Mimi siamini, Radim. Sikufichi.

— Wala sikulazimishi.

— Ila usinidanganye tena, hata kwa ajili ya Mungu. Hasa kwa ajili ya Mungu!

— Nimekoma.

— Basi mpigie baba. Sasa hivi.

Radim akapiga, akawasha spika ili Zdena asikie.

— Mzee Otakar, shikamoo. Kuna jambo. Mimi Jumapili... huwa naenda kanisani.

Zdena akauma kucha.

— Lipi? mzee akauliza.

— Hili la nyuma ya soko.

Upande wa pili mzee akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

— Afadhali. Basi baki hukohuko, mkwe wangu. La kilimani najificha mimi.