Jembe Lililotupiwa Mvua ya Mawe

Kabla sijasema neno, nitubu. Jembe la wifi yangu Marsela nililiiba mimi, Brigita, ninayeongoza rozari ya jumuiya kila Jumamosi. Nilipita uani kwake jioni moja ya Novemba, nikalikuta kwenye matope, makali yakitazama juu. Langu lilikuwa limevunjika. Nikajiambia nitalirudisha Jumapili. Sasa sikiliza yaliyompata mwenzangu.

Marsela ni mjane. Analima ekari mbili huku Rhotia, kando ya lami wanayopita watalii kwenda geti la Ngorongoro. Mchana wa siku ile alikuwa anachambua maharage, mara mvua ya mawe ikaanza kupiga bati. Akafanya kama alivyofundishwa na marehemu mama yake: akatupa jembe uani, akaiambia mvua ikalime kwingine. Ikakoma. Hapo jembe huachwa hadi lipigwe na jua siku nzima, kisha aliyelitupa analiokota mwenyewe na kushukuru.

Alipotoka kuliokota, hapakuwa na jembe.

Alilitafuta hadi zizini, akachoka. Akaazima la jirani, akapanda.

Mahindi yalipofika kifundoni, mvua ya mawe ikayatwanga. Akapanda tena. Redio ikasema mvua za wastani, ujumbe wa simu ukasema jua. Yakaja mawe. Na safari hii yalianguka shambani kwake tu. Kwa Silvanus, anayepakana naye, vumbi lilikuwa linatimka. Gari la watalii likasimama, wakaupiga picha ule mraba mweupe, wakaondoka wakipunga mikono. Marsela alitamani kuwarushia tope.

Kwenye mashine ya kusaga wanawake walimtania wee. Silvanus naye akamwuliza kama amejiunganishia bomba mbinguni, na kama anaweza kumgawia hata ndoo moja. Alicheka nao, akarudi nyumbani na hasira zake. Akawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, akamwuliza, bila adabu kabisa, wanataka nini tena huko juu. Ilikuwa imebaki mbegu ya nusu debe. Ikipotea hiyo, ni kufunga nyumba na kushuka Mang'ola kupalilia vitunguu vya watu.

Mwezi wa tatu akaipanda. Ikaota vizuri.

Siku moja, saa nane mchana, jua kali, akasikia mtu analima shambani.

Kwa. Kwa. Kwa.

Akatoka. Hapakuwa na mtu.

Lakini udongo ulikuwa unainuka. Pigo kwa pigo, mstari ukinyooka kuelekea miche yake. Hakuna kivuli. Hakuna mguu. Na katika kila shimo lililofunguka mlikuwa na jiwe moja la barafu.

Akatazama juu. Kulikuwa na wingu moja, upana wake sawasawa na shamba lake.

Alitaka kusali, lakini kilichomtoka hakikuwa sala.

"Nimechoka na wewe," alinong'ona. "Unataka nikushukuru kwa lipi? Jembe sinalo. Kuna mtu kalichukua."

Pigo likakatika.

Kimya.

Kisha udongo ukainuka upya, nyuma yake, ukielekea nje. Mstari ukapita mpaka. Ukafika lami. Ng'ambo ya lami ukaendelea, ukateremka bondeni kwenye nyumba zetu sita. Wingu likaufuata, polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Tangu siku hiyo mahindi yake hayajaguswa. Yamefika magotini. Yangu yamelala yote. Juzi Marsela aliniletea bakuli la kande, akakaa nami jikoni, akanisimulia haya yote mwenyewe.

"Pole, wifi," akasema. "Inachosha hii. Hujui hata umkasirikie nani."

Nilimeza kande zake.

Jembe liko chini ya kitanda changu. Ule mstari ulifika mlangoni jioni ileile. Sakafu yangu ni ya saruji, lakini imepasuka, na ufa unasogea kila siku kidogo. Leo umefika kwenye mguu wa kitanda. Nimelivuta jembe kwa mikono miwili, limeganda kama limepandwa. Kwenye makali yake kuna jiwe la barafu, ukubwa wa yai la kwale. Leo siku ya kumi na moja. Halijayeyuka.

Nimeungama kwa padre, akaniambia nilirudishe kwa mwenyewe. Haliinuki, Mungu ni shahidi. Na nikimwona Marsela, mdomo unajifunga.

Wewe unapita kwake kesho. Naomba umwambie nililichukua mimi. Aje aliokote.